Kuhashi Matini za Kiswahili: Kazi ya Programu au ya Hifadhidata?

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la wanaisimu. Matini nyingi zinapohitaji kuhashiwa, je, ni upesi zaidi kazi hiyo ifanywe na programu aliyoiandika mtafiti, au iachiwe hifadhidata inayozitunza matini hizo? Waandishi wa programu huulizana swali hili mara kwa mara, na majibu yao aghalabu ni mafupi na yenye kupingana, kwa kuwa kila mmoja amepima kitu tofauti na mwenzake. Tunaliingiza katika uwanja wa Kiswahili kwa sababu kila anayeunda kongoo, yaani mkusanyo wa matini uliopangwa kwa ajili ya uchunguzi wa lugha, hana budi kukutana nalo, hata kama hakulijua kwa jina hilo.

Tuchukue mfano wa kongoo la magazeti. Habari moja ya shirika la habari huweza kuchapishwa na magazeti matatu bila kubadilishwa hata nukta. Tangazo la serikali hurudiwa wiki nzima. Makala ya safu huchapishwa Jumapili, kisha huonekana tena katika tovuti ya gazeti lile lile. Aya hizo zikihesabiwa kila zinapotokea, neno kama mchakato litaonekana kutumika mara nyingi kuliko linavyotumika kwa kweli. Mwanaleksikografia anayetegemea hesabu hizo kuamua ni neno gani liwe kitomeo, au ni maana ipi itangulie, atakuwa anapima bidii ya wachapaji badala ya matumizi ya wasemaji. Kwa hiyo aya zilizorudiwa lazima zitambuliwe kabla hesabu yoyote haijaaminiwa.

Ukubwa wa kazi yenyewe si haba. Kongoo la Kiswahili la Helsinki, lililotokana na kazi iliyoanzishwa na Arvi Hurskainen katika miaka ya 1980, lina takriban maneno milioni 25 katika toleo lake la pili. Tukichukulia kwamba aya moja ina maneno 50, kongoo la ukubwa huo lingekuwa na aya 500,000. Kuilinganisha kila aya na kila aya nyingine kungehitaji ulinganishi wa jozi zipatazo bilioni 125. Hakuna anayefanya hivyo. Kinachofanyika ni kuipa kila aya alama fupi inayotokana na maandishi yake, kisha kuzilinganisha alama. Alama hiyo ndiyo hashi.

2.0 Dhana na istilahi

Wazo la msingi ni la zamani. Hans Peter Luhn, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alilieleza katika waraka wa ndani wa mwaka 1953. Badala ya kutafuta kitu kwa kupitia orodha nzima, kitu chenyewe kikokotolewe namba, na namba hiyo ioneshe sanduku kilimowekwa. Waliowahi kufanya kazi ya kamusi kwa kadi wataelewa mara moja. Masanduku ya kadi yakipangwa kwa herufi ya kwanza ya umbo lilivyotokea katika matini, Kiswahili kitayajaza vibaya sana. Viambishi vya ngeli na vya nafsi vitarundika kadi katika masanduku ya a, k, m, n, u na w, na sanduku la q litabaki tupu. Hashi nzuri haijali herufi ya kwanza wala kiambishi. Huyachanganya maandishi yote kiasi kwamba anakula na anakuja, ambayo mwanafunzi yeyote angeyaweka pamoja, huangukia masanduku yasiyohusiana kabisa.

Neno la Kiingereza tunalolitohoa hapa lina asili ya jikoni: lilihusu nyama iliyokatwakatwa na kuchanganywa, nalo lilitoka katika kitenzi cha Kifaransa cha kukata. Baadhi ya wenzetu wamependekeza istilahi za maelezo, kama vile alama fupishi au kitambulisho cha matini, lakini zote mbili zinabeba maana nyingine katika taaluma zilizo jirani. Hapa tunatumia hashi kuwa nomino, na hashi vilevile kuwa kitenzi, chenye kutendwa hashiwa. Kauli ya kutendesha tunaiepuka kwa makusudi, maana inakaribiana mno na jina la kilevi, na darasa la wanafunzi wa uzamili halihitaji kichekesho zaidi ya kile cha hasha.

Hashi zipo za aina nyingi. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest na kuchapishwa rasmi mwaka 1992, hutoa alama ya biti 128, yaani baiti 16, hata kama matini ni ya neno moja au ya kitabu kizima. SHA-256 hutoa baiti 32. CRC32, ambayo haikukusudiwa kuwa kitambulisho bali chombo cha kugundua makosa katika upelekaji wa data, hutoa biti 32 tu. Mwaka 2004 Wang Xiaoyun na wenzake walionesha kwamba inawezekana kutengeneza kwa makusudi matini mbili zenye MD5 moja, na tangu hapo MD5 haifai kwa kazi za usalama. Kwa kutambua aya zilizorudiwa bado inatosha. Hatujasikia bado mtu anayeghushi aya za magazeti ili kuharibu kamusi.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni urefu. Kwa aya 500,000 zilizo tofauti, hashi ya biti 32 itatoa kwa wastani jozi zipatazo 29 za aya tofauti zenye alama moja. Mtafiti anayefuta marudio kwa kutegemea alama hiyo pekee atakuwa amefuta aya zipatazo 29 halali bila kujua. Kwa biti 128 uwezekano huo ni mdogo kiasi cha kupuuzwa. Hashi fupi ni ya upesi zaidi, naam, lakini upesi huo unanunuliwa kwa matini.

Kwa upande mwingine, si kila kitu kinafaa kuhashiwa. Umbo anakula lina baiti 7, na MD5 yake ina baiti 16. Ikihifadhiwa kwa maandishi ya kiheksadesimali, kama wengi wanavyofanya, inakuwa herufi 32. Kuhashi neno mojamoja ili kuokoa nafasi ni kama kufunga punje ya mchele katika gunia. Isitoshe, hifadhidata inapoamriwa kuhesabu maneno kwa makundi, yenyewe kwa ndani hutumia hashi zake inapoona inafaa. Mtafiti anayeiongezea hashi yake juu ya hiyo anafanya kazi mara mbili. Hashi ya kujihesabia ina manufaa kwa sentensi, kwa aya na kwa hati nzima.

3.0 Gharama iko wapi?

Sasa turudi kwenye swali la upesi. Aya zetu 500,000, kila moja ikiwa na maneno 50 na kila neno likichukua takriban baiti 7 pamoja na nafasi inayolifuata, ni megabaiti 175. Prosesa ya kawaida ya leo hukokotoa MD5 ya megabaiti mia kadhaa kwa sekunde moja kwa kutumia kiini kimoja tu. Kuhashi kongoo zima, basi, ni kazi ya takriban sekunde moja. Hili ni kweli ndani ya hifadhidata, na ni kweli ndani ya programu, kwa kuwa mara nyingi pande zote mbili huita maktaba zilizoandikwa kwa lugha ya C zenye kufanya hesabu ile ile. Hata mwenye kuandika kwa Python hahashi kwa Python. Python huikabidhi C matini, ikapokea jibu. Tofauti iliyopo ni gharama ya kuita na kupokea, nayo huonekana zaidi matini zikiwa fupi. MD5 hufanya kazi kwa vipande vya baiti 64, na matini yoyote isiyozidi baiti 55 huchukua kipande kimoja tu. Kwa hiyo neno la baiti 4 hugharimu sawa na kishazi cha baiti 50, na gharama ya kuita huweza kuwa kubwa kuliko gharama ya kuhashi.

Kama kuhashi kwenyewe ni sekunde moja, zile dakika zinazolalamikiwa zinatoka wapi? Zinatoka njiani. Tuchukulie kwamba aya tayari zimo katika hifadhidata, na programu imo katika kompyuta nyingine. Ili programu izihashi, aya zote lazima zisafiri. Kwa mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, megabaiti 175 huchukua sekunde 14. Hapo hatujazirudisha alama ili ziandikwe, na tumechukulia kwamba aya zinasafiri kwa mafungu makubwa. Mtafiti asiye na uzoefu huandika programu inayoomba aya moja, ikaihashi, ikairudisha alama yake, ndipo ikaomba nyingine. Hata tukimhesabia safari moja tu kwa kila aya, safari ya kwenda na kurudi ya nusu milisekunde katika jengo moja hugeuka kuwa sekunde 250, yaani zaidi ya dakika nne. Na hiyo ndiyo hali njema. Kutoka Dar es Salaam hadi Helsinki ni zaidi ya kilomita 7,000, na mwanga ndani ya waya wa nyuzinyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, hata mitambo iwe bora kiasi gani. Mara 500,000, ni karibu saa 10, ambazo ndani yake sekunde moja tu ndiyo ya kuhashi.

Kwa hali hiyo jibu linaelekea upande wa hifadhidata: matini zikiwa zimeshahifadhiwa, amri moja inayoihashi safu nzima mahali ilipo haina mshindani. Lakini hali ikigeuzwa, jibu nalo linageuka. Matini zinapoingia kwa mara ya kwanza, zikitoka katika faili za wachapishaji, programu ndiyo yenye kuzishika mkononi. Ikizihashi hapo, inaweza kuiuliza hifadhidata kwa baiti 16 tu kama aya hiyo imekwisha kuingia, na ikijibiwa ndiyo, haina haja ya kuipeleka aya yenyewe. Vilevile seva ya hifadhidata kwa kawaida ni moja, na watumiaji wote wa idara wanaigombea, ilhali programu huweza kugawanywa katika kompyuta kadhaa za maabara. Kanuni tunayoiona kuwa ya haki, basi, ni kwamba matini ihashiwe pale ilipo wakati inapohitajika.

Kuna hashi za aina moja ambazo hazimo kabisa katika mjadala huu, nazo ni za maneno ya siri ya watumiaji. Bcrypt, iliyotolewa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, ilibuniwa kwa makusudi iwe ya polepole, ili anayeiba orodha ashindwe kuyakisia maneno hayo. Huko kutafuta upesi ni kujidhuru. Aidha, kazi hiyo huachiwa programu, ili neno la siri lisije likaachwa wazi katika kumbukumbu za maulizo ya hifadhidata.

4.0 Kupima bila kujidanganya

Wanafunzi wetu hupenda kupima wenyewe, na ni vyema. Lakini vipimo vya namna hii vina mitego inayostahili kutajwa.

Mtego wa kwanza ni hifadhidata kutofanya kazi inayodhaniwa kuwa imeifanya. Ukiiomba PostgreSQL ihesabu mistari ya ulizo la ndani ambalo linakokotoa MD5 ya kila aya, nayo ikaona kwamba alama hizo hazitumiwi popote, huziacha. Saa itaonesha upesi wa ajabu, na mwanafunzi ataandika katika tasnifu yake kwamba hifadhidata inahashi kwa muda usiopimika. Dawa yake ni kuomba kitu kinachozihitaji alama zenyewe, kwa mfano alama iliyo kubwa kuliko zote.

Wa pili ni usomaji wa mara ya kwanza. Aya zinaposomwa kutoka katika diski huchukua muda ambao hautarudiwa mara ya pili, kwa kuwa zitakuwa zimebaki katika kumbukumbu ya kompyuta. Anayeanza na programu na kumalizia na hifadhidata amekwisha kuipendelea hifadhidata bila kujua. Tupime kila upande mara kadhaa, tubadilishe zamu, na tueleze katika ripoti ni vipimo vipi vilivyotupwa.

Wa tatu unawahusu wanaotumia Python. Lugha hiyo ina hashi yake ya ndani, ambayo ni ya upesi na haihitaji maktaba yoyote. Lakini tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, hashi hiyo ya maandishi huchanganywa na namba ya bahati nasibu kila programu inapoanzishwa. Alama zilizohifadhiwa leo hazitalingana na za kesho hata kwa aya ile ile. Anayelinganisha upesi wa hashi hiyo na MD5 ya hifadhidata analinganisha vitu viwili visivyo na kazi moja.

5.0 Kipi ni sawa na kipi?

Hadi hapa tumezungumza kama kwamba programu na hifadhidata zikipewa aya moja zitatoa alama moja. Kwa MD5 ni kweli, ilimradi baiti ziwe zile zile. Na hapa ndipo mwanaisimu anaporudi katika kazi yake, kwa kuwa hashi haijui maneno wala herufi. Inajua baiti tu.

Neno ng'ombe huandikwa kwa herufi sita na alama ya ritifaa. Katika taipureta ritifaa ilikuwa moja. Katika kompyuta kuna ile iliyonyooka, yenye namba U+0027 katika Unicode, na kuna ile iliyopinda, U+2019, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kumuuliza mwandishi. Katika usimbaji wa UTF-8 ya kwanza ni baiti moja, ya pili ni baiti tatu. Kwa hiyo ng'ombe wa kwanza ana baiti 7, na wa pili ana baiti 9, na hashi zao hazifanani hata kidogo. Aya yenye ng'oa, ng'ara au ng'ambo, iliyochapwa na magazeti mawili yenye mitambo tofauti, itahesabiwa kuwa aya mbili. Taratibu za kawaida za kusawazisha Unicode hazitatusaidia, kwa kuwa haziziunganishi ritifaa hizi. Anayejua kwamba katika Kiswahili ni alama moja ni msomaji wa Kiswahili, naye ndiye anayepaswa kuiandika kanuni hiyo.

Tatizo ni kubwa zaidi katika matini za hati za Kiarabu. Kafu ya Kiarabu ni U+0643 na ya Kiajemi ni U+06A9, na nakala za tenzi zilizochapwa na watu tofauti huweza kutumia moja au nyingine kwa sauti ile ile. Hizi nazo hazisawazishwi na taratibu za kawaida.

Herufi kubwa zina utata wa namna nyingine. MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, huyaona Mtoto na mtoto kuwa sawa, lakini MD5 zao ni tofauti. Kwa hiyo ukiiomba ihesabu maumbo tofauti utapata jibu moja, na ukiiomba ihesabu alama tofauti utapata jibu kubwa zaidi, ndani ya hifadhidata hiyo hiyo. Tukiamua kuzigeuza zote kuwa ndogo tutaziunganisha aya, lakini katika orodha ya maneno tutampoteza Neema ndani ya neema na Baraka ndani ya baraka. Kwa kutambua marudio tu hasara hiyo inavumilika. Kwa kuhesabu maneno haivumiliki hata kidogo.

Kuna pia tofauti zisizoonekana kwa macho. Amri ya Python ya kuondoa nafasi za mwanzo na mwisho huondoa nafasi za kila aina, pamoja na mwisho wa mstari na ile nafasi isiyovunjika, U+00A0, inayopatikana tele katika kurasa za tovuti. Amri ya PostgreSQL yenye kazi hiyo huondoa nafasi ya kawaida tu, isipoelekezwa vingine. Kugeuza herufi kuwa ndogo katika Python hakutegemei mahali, ilhali katika hifadhidata huweza kutegemea lugha iliyowekwa wakati wa kuiunda. Chini ya kanuni za Kituruki, herufi I kubwa huwa i isiyo na nukta, na IKULU ya kichwa cha habari haitakuwa tena ikulu. Mtafiti anayehashi nusu ya kongoo kwa programu na nusu kwa hifadhidata, akiamini kwamba ametumia kanuni moja, huishia na makongoo mawili yaliyofunikwa kwa jina moja.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba uamuzi wa mahali pa kuhashi uongozwe kwanza na mahali ambapo kanuni ya kusawazisha inaweza kuandikwa mara moja na kutumiwa na wote. Kwa kongoo linaloandikiwa na programu kadhaa, mahali hapo ni hifadhidata. Safu inayojikokotoa yenyewe kila mstari unapoingia inapatikana katika MySQL tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 na katika PostgreSQL tangu toleo la 12 la mwaka 2019, na hakuna programu inayoweza kuisahau. Kwa kongoo linaloingizwa na programu moja tu, yenye kanuni nyingi za kiisimu ambazo ni taabu kuziandika kwa lugha ya maulizo, mahali pake ni programu, mradi aya asilia ihifadhiwe jinsi ilivyopokelewa, na kando ya alama iandikwe namba ya toleo la kanuni iliyotumika. Kanuni ikibadilishwa, kongoo zima lihashiwe upya. Tumekwisha kuona kwamba hiyo ni kazi ya takriban sekunde moja.

Pande zote mbili zikilazimika kuhashi, ziandaliwe sentensi za majaribio, na kila upande uzihashi kabla ya kuruhusiwa kuandika chochote. Sentensi thelathini zinatosha, zikiwemo yenye ng'ombe wa kila ritifaa, yenye IKULU kwa herufi kubwa, yenye nafasi isiyovunjika mwishoni, yenye mwisho wa mstari wa Windows, na ubeti mmoja kwa hati za Kiarabu wenye kafu zote mbili.